Bakuli la Susu

Wajukuu zangu, wa msikiti na wa kanisa, sogeeni kivulini, wakubwa kwa wadogo.

Nimewaita chini ya mwembe huu kwa sababu ya bakuli moja. Juzi, siku ya pili ya Idi, susu, nyanya yenu, alipika muthokoi, akaupakua katika lile bakuli lake la bati lenye maua, akampelekea mwenzenu aliyetoka Nairobi. Bakuli likarudi jikoni limejaa. Mwenzenu alisema, tena kwa sauti ambayo susu aliisikia, kwamba yeye sasa ameijua dini, hawezi kula cha mtu asiyeswali. Nanyi wengine hamkunyamaza. Mlimjibu kwenye kundi la simu la ukoo kwamba Tawa hapa kwetu si Makka, arudi kwa Waarabu wake. Nimesomewa yote, hata yale mliyoyafuta.

Susu yenu ni mtu wa kanisa tangu utotoni. Mimi nilisilimu Mombasa nikiwa kijana. Tumekaa nyumba moja zaidi ya miaka arobaini. Jumapili yeye huenda kwake, Ijumaa mimi huenda kwangu, na siku nyingine zote tunakwenda shamba. Kwa hiyo leo sitamtetea yeye wala sitajitetea mimi. Nataka kuwaambia ilikotoka dini hii mnayoigombania, maana pande zote mbili mnapigania kitu msichokijua.

Naanza nawe uliyerudisha bakuli.

Unajua mahali pa kwanza Waislamu walipokimbilia? Wengi watakwambia Madina. Kabla ya Madina ilikuwa Afrika. Takriban mwaka 615, miaka saba kabla ya Hijra, watu wa Makka walikuwa wakiwatesa wafuasi wachache wa Mtume, hasa wanyonge wasio na ukoo wa kuwakinga. Mtume akawaelekeza wavuke bahari waende Habasha, nchi ambayo leo ni Ethiopia na Eritrea. Mfalme wa huko, Najashi, alikuwa Mkristo. Makuraishi wakatuma wajumbe na zawadi, wakamwomba awarudishe wakimbizi. Najashi akataka kuwasikia kwanza. Jaafar bin Abi Talib akasimama, akaeleza dini yao, akasoma katika Sura Maryam. Mfalme akakataa kuwatoa. Jaafar mwenyewe hakuondoka huko hadi mwaka 628. Yapata miaka kumi na mitatu, mjukuu wangu, binamu yake Mtume aliishi katika nchi ya Wakristo chini ya ulinzi wa mfalme Mkristo. Je, mabakuli waliyoletewa huko waliyarudisha?

Ukitaka hukumu ya sharia, ipo. Sura Al-Maida imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu. Na tuache hilo kando: muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakapikwa na kunde. Mahindi hayachinjwi. Hapo ulitafuta uharamu mahali ambapo hata kisu hakikufika.

Sasa nyinyi mliomwambia arudi kwa Waarabu wake.

Waarabu hawafiki wala robo ya Waislamu wote. Ni kama mmoja kati ya watano. Nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote ni Indonesia, na huko mtu hazaliwi akisema Kiarabu. Hapa kwetu, kisiwani Pate, kuna magofu ya mji ulioitwa Shanga. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ni wa karne ya 8, mdogo, wa miti. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Na mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alilala usiku mmoja Mombasa akielekea Kilwa. Alikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na watu waliokwenda peku na kunawa miguu kabla ya kuingia. Akawasifu kwa uchaji wao. Huyo alikuwa ameshaiona Makka na Damascus, lakini misikiti ya mbao ya Waafrika hakuidharau. Nyinyi mnaona haya kwa niaba ya nani?

Mnadhani pia kwamba dini hii ililetwa Ukambani kama mzigo wa mgeni. Tazameni vilima hivi vya Mbooni. Wazee wanasema Wakamba wengi walitawanyikia nchi hii kutoka hapa, wengine wakavuka mto Athi kwenda Kitui. Karne ya 19 ilipoanza, watu wetu walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Misafara yetu iliijua njia ya Mombasa kabla misafara ya pwani haijaijua njia ya kwetu. Wengine walipiga kambi pande za Rabai wakakaa huko. Kivoi wa Kitui alijulikana hadi pwani, na misafara yake ilikuwa ya mamia ya watu. Basi aliyekwenda kwa Waislamu, akauza nao, akala nao na kusikia adhana yao, alikuwa Mkamba aliyefika kwa miguu yake mwenyewe.

Na kanisa la susu yenu lilikuja kwa njia gani? Kwa njia hiyohiyo! Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alifika Kitui mwaka 1849 akawa mgeni wa Kivoi, na Disemba mwaka huo akauona Mlima Kenya kutoka pande hizo. Waliomwonyesha njia walikuwa watu wa misafara, na lugha aliyojifunza kwa bidii ili asikike ilikuwa Kiswahili, lugha iliyolelewa na Waislamu wa pwani. Mwaka 1895 wamisionari wa Africa Inland walipotua Nzaui, si mbali na hapa, nao walikuwa wametoka pwani kwa miguu pamoja na wapagazi. Dini mbili, njia moja, na mizigo ya zote ilipita juu ya mabega ya Waafrika. Mnapotukanana, mnaitukana safari ya babu zenu.

Hata midomo yenu inawasuta. Mnaposema Jumapili mnahesabu siku ya pili baada ya Ijumaa, maana Jumamosi ni ya kwanza. Kila Jumapili susu yenu huenda kanisani kwa hesabu ya Waislamu, na hajapungukiwa na kitu. Mnaposema sita, saba, tisa, mnahesabu Kiarabu. Kwa Kikamba pesa tunaiita mbesa, duka tunaliita nduka, na katika Biblia ya Kikamba dhahabu ni thaavu na fedha ni vetha. Upande wa pili, Mwislamu wa Lamu anapomtaja Mola wake kwa Kiswahili husema Mungu, na hilo si neno la Kiarabu. Ni la ukoo mmoja na Mulungu, ambaye wazee wetu walimwita kabla msahafu na Biblia hazijafika hapa. Watu wa pwani walipokea Kitabu lakini neno la mababu hawakulitupa. Hiyo ndiyo akili ninayotaka mwige.

Mtaniuliza dini ilienea vipi kama haikuletwa na jeshi. Kwingine majeshi yalikwenda, tusidanganyane; Shamu, Misri na Uajemi zilitwaliwa kwa vita. Lakini kwetu Afrika Mashariki wahenga walishasema: chema chajiuza.

Niliondoka Tawa mwaka 1968 kutafuta kazi Mombasa. Nikapata kibarua kwa mzee mmoja mwenye duka la viungo karibu na Marikiti. Sikuwa Mwislamu, na hakuniambia kamwe niwe. Adhana ikilia, aliweka kigoda mlangoni kuonyesha kwamba mwenyewe hayupo, akaenda msikitini. Pesa zilibaki kwenye kopo, na mimi, kijana wa bara aliyeajiriwa wiki mbili zilizopita, nikabaki na kopo. Mama akinunua iliki, mzee alipima mpaka mizani itulie, kisha akaongeza punje chache juu. Siku moja nilimwuliza kwa nini huongeza. Akanijibu kwamba mkono wake unaweza kukosea, na akikosea afadhali akose yeye. Mimi sikusilimishwa na mhadhara. Nilisilimishwa na punje za iliki.

Huko Buganda hali haikuwa mbali na hiyo. Mwaka 1844 mfanyabiashara aitwaye Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna. Inasimuliwa kwamba alipoona watu wakiuawa kwa amri ya mfalme, alisimama mbele yake akamwambia kuwa hao nao ni viumbe wa Mungu. Alikuja na nguo za kuuza, hakuja na bunduki za kutosha kumtisha Kabaka. Neno likabaki, na mfalme akataka kusomewa. Na Lamu, Habib Swaleh, mtu wa ukoo wa Mtume aliyetoka Ngazija, aliwafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja, wakiwamo waliotoka utumwani. Msikiti wake wa Riyadha hadi leo huwavuta watu wa mataifa mengi wakati wa Maulidi. Alikuwa sharifu, naye akatumia usharifu wake kuwainua wasio na jina.

Lakini nasaha ya upande mmoja ni udanganyifu, kwa hiyo sikilizeni na hili.

Njia ileile ya pembe ilipitisha watu. Karne ya 19 mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, na ya nafaka Malindi, yalilimwa na watumwa. Wenye mashamba wengi walikuwa Waislamu, waliosali safu moja na kujua vyema kwamba Bilal, mwadhini wa Mtume, alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Kitabu chao kilifanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya dhambi. Wao wakafanya kununua mtumwa kuwa njia ya kupata mali. Sultan Barghash alilifunga soko la watumwa Unguja mwaka 1873, tena kwa kubanwa na Waingereza. Na Mkamba asicheke. Wakati wa njaa baadhi ya wazee wetu waliwaweka watoto rehani wapate nafaka, na wengine waliwauza majirani. Mimi naona hii ni sababu mojawapo ya Waislamu wa asili kuwa wachache Ukambani: tulijua njia, na tulijua pia yaliyopita njiani. Mtu akikutajia hayo, usimjibu kwa hasira wala usiseme yote ni uzushi wa wazungu. Mwambie: ni kweli, na ilikuwa kinyume cha tulichofundishwa.

Hili la kuivunjia dini heshima halikuisha na utumwa. Mwaka mmoja, baada ya mimi kurudi nyumbani, alikuja mnunuzi wa ndengu hapa sokoni, kofia nyeupe kichwani, tasbihi mkononi. Alikuwa na gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia. Ya kununulia ilikuwa imetanuliwa kwa ndani hadi tumbo likatokeza. Ya kuuzia ilikuwa imebonyezwa kitako. Mama yangu alimpimia ndengu za msimu mzima. Alipofika nyumbani akalinganisha na kipimo alichokuwa amekipima kwa gorogoro yake kabla ya kutoka, akanitazama, akaniuliza: "Hii ndiyo dini uliyoifuata Mombasa?" Sikuwa na jibu. Miaka kumi na zaidi niliyokuwa nikimweleza mama uzuri wa Uislamu ilibomolewa na kopo moja. Na katika Kurani kuna sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyobeba jina la watu wa aina hiyo: wakipimiwa hutaka wajaziwe, wakipima hupunguza. Yule bwana bila shaka aliihifadhi.

Kwa hiyo, wewe kijana uliyesilimu juzijuzi, unaposema umeijua dini, sitakuuliza umehifadhi juzuu ngapi. Shahada, swala, zaka, saumu na hija, hizo tano hata mtoto wa madrasa anazihesabu kwa vidole. Nitakuuliza kuhusu zaka ya shamba. Mazao ya mvua hutolewa sehemu moja katika kumi. Yaliyomwagiliwa kwa gharama na jasho hutolewa nusu ya hiyo, moja katika ishirini. Tafakari hapo. Dini iliyozaliwa jangwani iliona tofauti kati ya mkulima aliyesubiri mvua na mkulima aliyebeba maji. Sisi wa Makueni tunaochimba vibwawa na kujenga kuta za kuzuia mchanga wa mto tulipaswa kuielewa sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Dini iliyohesabu mzigo wa maji mgongoni mwa mkulima haiwezi kukufundisha kudharau mgongo wa susu yako, uliobeba mtungi nawe ukiwa umefungwa hapo kwa leso.

Sasa niwape neno kuhusu elimu, maana nasikia mmoja wenu ameacha shule akidai elimu ya dunia haina faida.

Yule anayesoma kidato cha tatu anijibu: aljebra ni neno la nani? Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad karne ya 9, ndiye aliyeandika kitabu ambacho jina lake lilizaa neno hilo, na jina lake mwenyewe, likitamkwa kwa ndimi za Ulaya, ndilo lililozaa algorithimu, zile kanuni zinazoendesha simu mnazotukania. Tarakimu alizozieleza zilitoka kwa Wahindi. Karatasi waliyoandikia Waislamu waliipata kwa Wachina. Vitabu vya tiba vya Wayunani vilifasiriwa kwa Kiarabu na watu kama Hunayn bin Is-haq, na Hunayn alikuwa Mkristo, aliyeheshimiwa Baghdad yote. Ibn Sina akaja akasoma hayo, akaandika kitabu cha tiba kilichofundishwa hata Ulaya kwa karne nyingi. Mjini Fez, inasimuliwa kwamba mwaka 859 mwanamke aitwaye Fatima al-Fihri alitoa urithi wake kujenga msikiti wa Al-Qarawiyyin, ukawa chuo kinachosomesha hadi leo.

Mnaona ninachokionyesha? Watu hao walikula katika mabakuli ya wote. Mhindi alileta, wakapokea. Mchina alileta, wakapokea. Myunani aliyekufa zamani, wakamfufua. Mkristo akawapakulia, wakasema bismillah. Kisha nao wakapakua, dunia ikala. Ustaarabu ule haukujengwa na watu waliorudisha bakuli jikoni.

Na neno ustaarabu lisiwapotoshe. Kwa asili lina harufu ya Uarabu, lakini leo mtu wa Tawa akisema fulani ni mstaarabu, hana maana kwamba amevaa kanzu. Ana maana kwamba hasukumi watu kwenye foleni, hadhulumu kwenye kipimo na haongei kwa sauti ya kumuumiza mkubwa wake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 akiwahimiza Waislamu wasome elimu ya dini na ya dunia. Alijua kwamba fahari ya mababu haishibishi mtoto aliyebaki nyuma darasani. Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na hata hivyo alishika kalamu. Mimi si mshairi kama yeye, wala binti yangu hayupo hapa. Nina mwembe huu na nyinyi.

Wewe wa kanisa, usimwone ndugu yako msaliti kwa kuswali. Katiba ya mwaka 2010 inasema Kenya haina dini ya serikali, na ibara ya 170 imeweka mahakama za Kadhi kwa Waislamu wanaokubali kupelekewa mashauri ya ndoa, talaka na mirathi. Sheria ya nchi ina nafasi yake. Je, uwanja wa babu yake usiwe nayo? Na wewe wa msikiti, kumbuka kwamba hapa Makueni sisi ni wachache sana. Wengi wa majirani hawatafungua msahafu maisha yao yote, watakusoma wewe. Gorogoro yako, ulimi wako na namna unavyopokea chakula ndizo kurasa zao.

Nimemaliza, sitaki mjadala. Susu yenu hajaniambia kwamba aliumia, lakini tangu juzi hajalitumia lile bakuli la maua.

Wewe, simama. Muthokoi wa leo uko jikoni, bado u moto. Nenda ulichukue bakuli lilelile, umpe kwa mikono miwili, umwombe akupakulie. Useme bismillah, ule mbele yake, na ukimaliza ulioshe wewe mwenyewe. Nyinyi wengine, toeni simu. Pale pale mlipoandika tusi, andikeni samahani, na hiyo msiifute.